Mlango wa Cipriano

9 Septemba

Jana ilikuwa sikukuu ya Bikira wa Cobre. Leo kichwa kinanigonga, lakini sijutii hata tone moja la ramu. Naandika haraka kabla sijaanza kutia chumvi. Daftari hili nililinunua la mashairi. Mashairi hayaji, kwa hiyo naandika siku.

Tulianza kupiga kwa Wilberto kabla ya chakula cha mchana. Wilberto ndiye mkubwa wa kundi letu, Lucero, na ndiye apigaye tres, lile gitaa dogo la nyuzi pacha ambalo bila hilo son, muziki wetu wa milimani, haiwi son. Wapo ndugu wawili wa ngoma za bongo na manyanga. Yupo kompadre wangu Cipriano, ambaye binti yake ni mtoto wangu wa ubatizo, amekalia marimbula yake, sanduku la besi ambalo mpigaji hulikalia na kudonoa vyuma vyake katikati ya magoti. Na nipo mimi, Eliodoro, mwimbaji. Milima yote hii inasema Eliodoro hajawahi kukwama.

Maana son ikishapita sehemu ya kwanza, waitikiaji huingia, na mwimbaji hutakiwa kutunga papo hapo, ubeti baada ya ubeti. Amsalimu mwenye nyumba, amtanie mpishi, amsifu nguruwe aliyechomwa. Hapo ndipo mwimbaji hupimwa, na hapo ndipo nilipo na siri. Beti zangu hutungwa na mke wangu Pastora, jikoni, akichambua kahawa. Mimi huzikariri. Wanaojua ni watu watatu: Pastora, mimi, na Cipriano, ambaye nilimwambia siku nilipombeba binti yake ubatizoni, nikiwa nimelewa na kulia.

Jana beti za Pastora ziliniishia jua likiwa bado juu. Watu wanacheza, waitikiaji wananitazama, mimi mdomoni sina kitu. Macho yakamwangukia Cipriano, na ghafla ubeti ukaja, wenyewe, kama chafya:

Kompadre kaamka, nyumba ni wazi,
upepo wapita kama njiani;
dereva wa lori kafanya kazi,
mlango na mke vyote garini!

Na kabla sijapumua nikawapa waitikiaji neno lao: *Funga mlango, Cipriano, baridi inaingia!*

Uwanja mzima ulilipuka. Wilberto alicheka hadi vidole vikateleza kwenye nyuzi. Mama mmoja alikaa chini katikati ya wachezaji kwa kicheko. Wakarudia, wakarudia, hawakutaka kuuacha. Nina miaka hamsini na minne, na jana ndiyo mara ya kwanza nimetunga ubeti wangu mwenyewe. Nilitamani mama yangu angekuwa hai ausikie.

Cipriano aliendelea kupiga. Hakukosea hata sauti moja.

10 Septemba

Ramu imekwisha kichwani, imebaki kweli.

Nerza, mke wa Cipriano, aliondoka Agosti. Kwa miaka alimwambia mumewe arekebishe bawaba za mlango, na kwa miaka Cipriano alisema kesho, akabeba marimbula akaja kupiga na sisi. Siku moja mlango ukamwangukia Nerza begani. Akasema, "Mlango huu ni mwerezi wa baba yangu. Wewe una sanduku lako, mimi nina mlango wangu." Akaung'oa, akaenda nao kwa mama yake Baracoa. Nyumba yao iko juu kabisa, hakuna apitaye huko, kwa hiyo hakuna aliyejua. Cipriano alitundika gunia la kahawa mlangoni, akaja kuniambia mimi peke yangu, kwa sababu mimi ni kompadre wake na mtu humwambia nani kama si kompadre?

Na dereva wa lori aliyembeba ni kaka yake Nerza, mama mmoja, baba mmoja. Nilijua fika. Lakini kaka hachekeshi.

13 Septemba

Mvua. Nyumbu wa mizigo wamegoma kupanda mlima.

16 Septemba

Msimu wa kahawa umeanza kwa kweli. Mimi ndiye nishushaye magunia kwa nyumbu kutoka mashamba ya juu, kwa hiyo napita kila mahali, na kila mahali wimbo umefika kabla yangu. Kwenye mteremko wa kwanza wachumaji wanaujua wote. Kwenye shamba la pili wameongeza kupiga makofi. Mwanamke mmoja alinipungia mkono na debe lake.

"Eliodoro! Huo wa mlango umeutunga saa ngapi?"

"Papo hapo, mama."

"Shetani wewe! Ulimi kama kisu cha mchinja nguruwe!"

Nikacheka. Sitaficha humu: kifua kilinivimba. Nilirudi nyumbani nikiuimba mwenyewe, na nilipofika tu mlangoni kwangu ndipo nikanyamaza.

20 Septemba

Mazoezi kwa Wilberto. Nilimwogopa Cipriano kama mtoto anayemwogopa mwalimu. Alikuja kama kawaida, akaweka sanduku, akaketi, akanisalimu, "Habari, kompadre." Hakuna zaidi.

Kwetu mtu akitaniwa kwa wimbo hapigi ngumi wala haendi polisi. Ana zamu. Siku atakayoiomba, watu hushika kiitikio, wanamngoja, naye hujibu kwa ubeti. Anaweza kuiomba kesho, anaweza kuiomba mwakani. Kwa hiyo wote leo walimtazama Cipriano. Wilberto akamtania, "Vipi mzee, zamu yako unaiweka ioze au iive?"

Cipriano akasema, "Mimi mtu wa vidole, Wilberto. Mdomo wangu ni wa kulia chakula."

Wakacheka. Mimi nilikumbuka anachokijua kunihusu. Akiomba zamu, ubeti mmoja tu unatosha kunivua nguo mbele ya milima yote.

27 Septemba

Mvua, matope, nyumbu mmoja kang'oka kiatu cha chuma. Pastora haongei nami sana.

4 Oktoba

Sherehe ng'ambo ya mto. Waliuomba wa mlango mara tatu. Mara ya tatu mlevi mmoja alisogea hadi kwa Cipriano, akamfungia shati vifungo kimoja kimoja huku akiimba baridi inaingia. Watu walikufa kwa kicheko. Cipriano alimwacha amalize, kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye vyuma, na akiiondoa wimbo unabaki bila mgongo. Ndiyo hali yake: mzaha ni juu yake, na yeye ndiye anayeushikilia usianguke.

Nilipaswa kusimama nimwondoe yule mlevi. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Niliimba ubeti tena.

5 Oktoba

Nilimwuliza Pastora kama ana beti mpya. Alikuwa ameinamia ungo, anatupa punje mbovu.

"Beti za nini? Si umepata wako?"

"Pastora, wee."

"Hapana, Eliodoro. Miaka yote nimekutungia. Nimewatania wapishi, nimewatania majogoo, nimemtania hata padri. Niambie ni nani aliyelala na machozi kwa sababu ya ubeti wangu. Umejipikia chungu chako, kipakue mwenyewe."

Tangu leo jiko limefungwa kwangu.

12 Oktoba

Nilipanda hadi kwa Cipriano na kisingizio cha kumpelekea magimbi. Gunia bado lipo mlangoni, limelowa. Lakini uani nilimkuta amepiga magoti juu ya mbao za mwerezi, anaranda. Anatengeneza mlango. Cipriano, ambaye msumari ukimwona hucheka.

"Nilimpelekea Nerza ujumbe," akasema bila kunitazama. "Nikamwambia nitachonga mlango kwa mkono wangu. Akajibu, sawa, ukiisha nakuja tule Krismasi. Hiyo ilikuwa kabla ya sikukuu ya Bikira."

"Na sasa?"

Akapuliza vumbi la mbao. "Sasa kimya."

Nilitaka kusema nisamehe. Neno lilifika hadi kwenye meno. Badala yake nikasema randa yake haina makali, nikamnolea. Hayo ndiyo niliyoweza kumpa kompadre wangu: makali ya randa.

19 Oktoba

Redio inasema tufani inakuja.

20 Oktoba

Imepita kaskazini. Imechukua migomba na paa la kuanikia kahawa. Kwa Cipriano upepo umeingia kama kwake. Tulikwenda kusaidia kukausha, na watu wawili, watu wazima, wakauimba wimbo huku wanakamua godoro. Hawakuwa na ubaya, ulikuwa mdomoni mwao tu, kama mate.

28 Oktoba

Wilberto alikuja mbio, anatoa jasho, amevaa shati la Jumapili siku ya kazi.

"Redio, Eliodoro! Redio ya mjini Guantánamo! Wanakuja kuturekodi kwenye sherehe ya kumaliza mavuno!"

Nikamkumbatia. Tangu tukiwa vijana tumengojea hilo. Makundi ya bondeni yamerekodiwa, ya pwani yamerekodiwa, sisi tulio juu tumesikilizwa na mbuzi.

"Na wanataka nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wanataka nini! Wanataka wa mlango! Wamesema wazi: bila wa mlango tusijisumbue kuweka nyuzi mpya."

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, nilifurahi, kisha nikajichukia kwa muda mfupi kuliko nilivyofurahi.

3 Novemba

Nimerudi kutoka Baracoa. Nilipanda lori la mizigo alfajiri, nikavuka milima yote ile ya kona, nimekalia magunia ya chumvi. Nilimwambia Pastora nakwenda kutafuta viatu vya nyumbu. Akasema, "Viatu vya nyumbu vinauzwa hapo chini. Msalimie Nerza."

Nerza alikuwa uani kwa mama yake anakuna nazi. Hakuinuka. Kaka yake alikuwa chini ya lile lori, miguu tu inaonekana, na miguu ile ilipoisikia sauti yangu ikatulia.

"Karibu, kompadre," Nerza akasema. "Umekuja kutazama mlango?"

Akanyoosha kidole chenye nazi. Mlango wa mwerezi wa baba yake, ule wenye maua ya kuchongwa, ulikuwa umefungwa kwenye choo.

"Mama alikuwa hana mlango wa choo," akasema. "Kule juu ulikuwa unaanguka. Hapa angalau unaheshimiwa."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka.

"Komadre, nimekuja kukuomba..."

"Hata huku wanauimba. Unajua hilo? Niko sokoni nanunua samaki, muuzaji ananiuliza, dereva hajambo? Kaka yangu, Eliodoro! Mtoto wa mama yangu! Amepigana mara mbili. Mama yangu hataki kwenda kanisani."

Miguu chini ya lori ikasema, "Mara tatu."

"Ulikuwa wajua ni kaka yangu?" akaniuliza Nerza.

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Nikatafuta jibu zuri katika kichwa changu chote nikakuta moja tu. "Walikuwa wananitazama, na sikuwa na la kuimba."

Akarudi kwenye mbuzi yake ya nazi. "Nilikuwa narudi," akasema. "Mwanaume asiyejua kushika nyundo anachonga mlango, si ndiyo? Nilikuwa nimeshaanza kufunga nguo. Lakini sitapita katikati ya kijiji watu wakiniimbia dereva. Wimbo ukifa, nitakuja. Ukiupeleka redioni, mwambie Cipriano asinisubiri, mwambie mlango autumie kwa jeneza."

Alinipa maji ya kunywa. Alinipa pia bakani, ndizi iliyosagwa na nazi ndani ya jani lake, nile njiani, kwa sababu Nerza hajui kumwacha mgeni aondoke tumbo tupu hata mgeni akiwa mimi. Niliila kwenye lori nikiwa nimewageuzia mgongo wenzangu.

9 Novemba

Nilimwambia Wilberto yote. Alikaa chini.

"Kwa hiyo unataka tusirekodi."

"Nataka turekodi mwingine."

"Hawataki mwingine. Eliodoro, nina miaka sitini na tisa. Vidole hivi asubuhi navitia kwenye maji moto ndipo vikunjuke." Akavionyesha. "Mwakani sitakuwa na vidole. Na Nerza atarudi, wanawake hurudi. Au wewe hutaki kusikika?"

Ningeweza kusema siimbi, basi, kwisha. Kundi halina mwimbaji mwingine. Nilisema, "Tutaona." Neno la mwoga ni hilo.

15 Novemba

Kahawa imekuwa nyekundu hadi juu. Hakuna mvua.

23 Novemba

Leo nilijaribu kuuua wimbo. Ilikuwa sherehe ndogo shamba la juu. Walipouomba, nikageuza maneno: badala ya Cipriano nikaweka Eliodoro, nikajitania mwenyewe, pua yangu, nyumbu zangu, miguu yangu ya matege. Beti zilikuwa mbovu, nilizitunga usiku kucha na hazikuwa na mizani, lakini nilidhani watanicheka wamsahau yeye.

Hakuna aliyecheka. Watu hawamcheki mtu anayejicheka, wanamhurumia au wanachoka. Walingoja kwa adabu nimalize, kisha wakaimba wao wenyewe, kwa nguvu zaidi, Funga mlango, Cipriano. Wimbo si wangu tena. Nilipoutoa mdomoni nilidhani ni mbegu ya chungwa, kumbe ni nzi: haurudi ukiuita.

6 Desemba

Mazoezi ya mwisho kabla ya redio. Tulipokuwa tunafunga vyombo, Cipriano akasema kwa sauti ile ile ya kuomba kijiko, "Siku ya redio, nataka zamu yangu."

Wilberto akapiga paja. "Hatimaye! Mzee, umeichagua siku!"



7 Desemba

Sijui niandikeje la leo. Naliandika kwa sababu nikiliacha nitaligeuza.

Nilipanda kwa Cipriano mapema. Mlango umekwisha. Umeegemea ukuta, mweupe, bila rangi, umepinda kidogo upande wa chini. Cipriano aliniwekea kahawa. Nilikunywa. Nikazungumza juu ya hali ya hewa, juu ya bawaba, juu ya redio. Kisha nikasema:

"Kompadre, ile zamu yako. Lile jambo nililokuambia siku ya ubatizo... juu ya Pastora na beti. Hutaliimba?"

Alikuwa amemimina kahawa ya pili nusu kikombe. Akaacha.

"Umepanda mlima wote huu kwa hilo?"

"Ni redio, Cipriano. Nchi nzima itasikia."

"Nilikuona unakuja tangu pale chini penye mwembe," akasema. "Nikajiambia, kompadre anakuja kuomba radhi. Nikatoa vikombe vizuri."

Nikaviangalia vikombe. Kweli vilikuwa vile vya ukingo wa dhahabu, vya harusi yao.

Niseme nini? Nilikuwa na nafasi hapo hapo. Nerza anampenda, mlango umekwisha, mimi nimekalia kiti chake nanywa kahawa yake kwenye kikombe cha harusi yake, na nilichoomba ni jina langu. Nikasema, "Na hilo pia. Radhi pia."

"Pia," akasema Cipriano. Akamaliza kumimina. Hakunijibu kama ataimba au hataimba.

Niliteremka nikikata kona mbali na nyumba za watu. Sina uso wa kumwonyesha mtu, hata nyumbu.

13 Desemba

Yamekwisha.

Walikuja watu wawili wa redio na gari lao, mwanamke mwenye visikilizi masikioni na fundi wa nyaya. Uwanja ulijaa hadi juu ya uzio. Wilberto alikuwa na shati jipya na vidole vimetoka kwenye maji moto. Tulipiga ule wa mavuno, ukaenda vizuri. Tukapiga wa pili. Kisha mwanamke akainua kidole, akasema, "Sasa ule," na uwanja ukapiga kelele kama timu imefunga bao.

Nilikuwa nimemwahidi Pastora, mbele ya picha ya Bikira, kwamba sitauimba ule ubeti. Alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono imekunjwa, ananitazama. Wilberto akaanza na tres. Bongo ikaingia. Cipriano akaingia chini yetu sote. Tukapita sehemu ya kwanza, waitikiaji wakaingia, Funga mlango, Cipriano, mara mbili, na zamu ikawa yangu.

Nikavuta pumzi niuimbe.

Hilo ndilo nataka libaki kwenye karatasi. Nilimwona Pastora, nilimkumbuka Nerza, na nilivuta pumzi kamili kabisa, kifua chote, kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na ubeti ulikuwa wangu, na ulikuwa mzuri.

Cipriano akainua mkono mmoja. Mkono mwingine ukaendelea na besi peke yake. Waitikiaji wakaona, wakashika kiitikio kwa sauti ya chini, kama desturi. Mwanamke wa redio hakuelewa, lakini akasogeza kipaza sauti. Nami nikayafumba macho, nikangoja kusikia jina la mke wangu.

Sauti yake ni ya kunguru. Hana mizani, hana pumzi. Aliimba hivi:

Mwenye lori ni shemeji yangu,
nampa salamu popote alipo.
Nerza, mlango ni wa mkono wangu,
rangi sijapaka, utachagua ukiwepo.

Kisha akarudisha mkono wa pili kwenye vyuma. Basi. Miezi yote ile alikuwa na kisu changu mfukoni, siku ilipofika akatumia zamu yake kumwita mkewe.

Waitikiaji wakarudi, polepole, Funga mlango, Cipriano, baridi inaingia, na wimbo ule ule haukuwa ule. Wanawake walikuwa wanafuta macho kwa aproni. Sasa mimi ndiye niliyetakiwa kumjibu. Ndiyo kanuni: akiimba aliyetaniwa, mwimbaji humjibu, humpokea, humpa mkono kwa ubeti. Kiitikio kikaisha. Nikafungua mdomo.

Hakukuwa na kitu. Pastora hakunipa, na kwangu mwenyewe kulikuwa kutupu. Besi ikatembea peke yake, dum, dum, dum, nami nimesimama mbele ya redio nimeachama kama samaki wa muuzaji. Waitikiaji wakangoja, wakaingia tena, wakaisha tena, nami tena kimya. Wilberto akanionea huruma akaufunga wimbo kwa tres.

Eliodoro asiyekwama amekwama, na wamemrekodi.

14 Desemba

Sikutoka nyumbani.

21 Desemba

Redio imeurusha wimbo leo adhuhuri. Nilitaka kuwapeleka nyumbu malishoni ya mbali, lakini Pastora alinishika mkono wa shati, akanikalisha. Nikaisikia redioni nafasi ile niliyopaswa kuimba, tupu. Kisha mtangazaji akasema kwa sauti ya kanisani: sikilizeni jinsi mwimbaji anavyomwachia mwenzake wimbo, anavyokataa kumfunika, son ya kale yenye adabu zake.

Pastora akaniangalia. Mimi nikaangalia meza.

Jioni watu watatu walipita kunishika mkono. "Umetufundisha, Eliodoro. Kunyamaza pale, mwanaume wa kweli." Yule mama wa debe akanibusu mashavuni. Nilitaka kusema kweli. Nilisema asante.

25 Desemba

Nerza alirudi jana kabla ya chakula cha mkesha wa Krismasi. Kaka yake alimleta kwa lori hadi barabara inapokoma. Amemwachia mama yake ule mlango. Hakuna aliyeimba alipopita. Walitoka nje wakamsaidia kubeba mabunda, na shemeji alipewa ramu mpaka akasahau amepigana na nani. Mlango wa Cipriano haufungi vizuri, unakwaruza chini. Nerza kachagua buluu.

Walitualika mimi na Pastora, pamoja na Wilberto. Nilikataa, Pastora akakubali kwa wote wawili. Kulikuwa na nguruwe, muhogo wenye kitunguu saumu, wali na maharage meusi. Nilikaa pembeni karibu na ukuta. Nerza alikuja na sahani yangu, amenijazia ngozi ile inayovunjika, akaketi karibu nami.

"Nimesikia redio, kompadre," akasema. "Nilikuwa na hasira nawe hata kifo. Lakini uliponyamaza ukamwacha Cipriano peke yake, nikamwambia mama, huyu mtu ana moyo. Ahsante."

Kila mtu mezani alisikia. Cipriano alikuwa anakata mkate. Akaendelea kukata. Alinipa njia wazi nipite na uongo ule. Na ndiyo maana sikuweza kupita.

"Komadre," nikasema, "sikunyamaza kwa moyo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi kuuimba ule ubeti, Cipriano akawahi. Na baadaye sikumjibu kwa sababu sikuwa na cha kujibu. Mimi sijui kutunga. Beti zangu zote ni za Pastora. Wa mlango tu ndio wangu."

Nilitegemea meza ife ganzi. Wilberto akaomba chumvi. Nerza akanitazama kama mtu anayeelezwa kwamba kuna joto mwezi wa Agosti.

"Eliodoro, lakini hilo tunalijua."

"Nani analijua?"

"Watu. Sisi wanawake tunachambua kahawa na Pastora jikoni kwako kila msimu, wewe unadhani tunafanya nini? Ule wa jogoo wa padri nusu ni wangu. Wilberto anajua. Wachumaji wanajua. Tangu tukiwa wasichana."

Nikamgeukia Pastora, alikuwa anatoa mfupa kwenye nyama yake, kwa uangalifu. Nikamgeukia Wilberto, akainua mabega. Nikakumbuka sherehe zote zile, nyuso zote zile zilizonishangilia nikijifanya nafikiri, miaka yote, ubeti baada ya ubeti, na hakuna hata mlevi mmoja aliyewahi kuropoka.

"Na hakuna aliyewahi..." Nikaanza upya. "Mbona hakuna aliyewahi kuniimbia?"

Nerza aliniwekea muhogo mwingine kwenye sahani. Aliuliza kwa mshangao kabisa, bila hata chembe ya kunisuta:

"Nani angemwimbia mtu jambo kama hilo?"